Nukta za Buigiri na barua pepe zisizosomeka

Mwaka 1950 ukiandikwa kwa nukta nundu hauanzi na tarakimu. Unaanza na alama moja yenye nukta nne, ya 3, 4, 5 na 6, ambayo kazi yake ni kukiarifu kidole kwamba yanayofuata ni namba. Baada yake zinakuja herufi nne za kila siku: a, i, e, j. Kwa kuwa alama ya namba imetangulia, a inasomwa 1, i inasomwa 9, e inasomwa 5 na j inasomwa 0. Karatasi ikichakaa pale mwanzoni, au mwandishi akiisahau ile alama, mwaka unatoweka. Linabaki neno lisilokuwamo katika kamusi ya Kiswahili wala ya Kiingereza: aiej.

Mwaka huo wenyewe una uzito wake Buigiri. Ndipo Kanisa Anglikana lilipofungua hapo shule ya wavulana wasioona, ya kwanza ya aina yake katika Tanganyika. Buigiri iko mashariki ya jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, leo ikiwa ndani ya Wilaya ya Chamwino. Ni nchi ya mibuyu, mtama na vumbi la kiangazi, nchi ya Wagogo na ng'ombe wao. Wamisionari wa shirika la Kianglikana la CMS, waliofika Mpwapwa miaka ya 1870, walikuwa na kituo Buigiri tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 eneo hilo likawa sehemu ya Dayosisi mpya ya Central Tanganyika, chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia.

Shule hiyo haikuangukia Ugogo kwa bahati. Nyanda kame za kati zilikuwa na wagonjwa wengi wa macho. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, huenezwa na vidole, vitambaa na nzi, na hustawi mahali ambapo maji ya kunawa uso ni ya kufuatwa mbali na mifugo iko karibu na nyumba. Maambukizi yakijirudia miaka mingi, kovu hukunja ukingo wa kope hadi zikaanza kukwaruza jicho, na mtu akapofuka taratibu akiwa mtu mzima. Wilaya jirani ya Kongwa imefanyiwa tafiti za trakoma zinazojulikana duniani kote. Kwa watoto, adui mkubwa alikuwa surua ikisaidiwa na upungufu wa vitamini A. Daktari wa macho Allen Foster, aliyefanya kazi Hospitali ya Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma, alichapisha pamoja na Alfred Sommer mwaka 1987 utafiti ulioonyesha jinsi surua ilivyokuwa ikiacha vidonda kwenye konea za watoto wa Tanzania na kuwaachia upofu wa maisha.

Kwa watoto wa namna hiyo, kusoma kulitaka maandishi ambayo mzazi, padri, karani na hata mwalimu wa shule ya jirani hawakuweza kuyasoma. Barua ya mwanafunzi ikifika nyumbani ilikuwa karatasi nene yenye vipele. Ujumbe ulikuwamo wote, mzima, herufi kwa herufi. Kilichokosekana ni mtu mwenye jedwali la kuufungulia. Tatizo hilohilo, miaka mingi baadaye, ndilo linalomkuta karani wa ofisi anayefungua barua pepe na kukuta mstari wa â na € mahali palipotakiwa kuwa na maneno.

Mapatano ya vidole

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi. Alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu, na maambukizi yakayachukua macho yote mawili. Akiwa mwanafunzi mjini Paris alikutana na maandishi ya Charles Barbier, mwanajeshi aliyebuni alama za nukta 12 zilizofuata sauti za maneno. Zilikuwa kubwa mno kwa ncha ya kidole. Braille alizipunguza hadi nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu, na kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, mfumo wake ulikuwa umeshika umbo. Aliuchapisha mwaka 1829 katika kitabu ambacho jina lake linaanza na neno Procédé.

Nukta sita, kila moja ikiwa imeinuka au imelala, hutoa michoro 64 pamoja na ule mtupu. Braille aliipanga kwa utaratibu: herufi kumi za kwanza, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu, k hadi t ni zilezile zikiongezwa nukta ya 3, zinazobaki huongezwa nukta ya 3 na ya 6. Ukijua kumi za kwanza umepata ufunguo wa nyingine karibu zote. Herufi moja tu inakaa nje ya mpango huo, nayo ni w, kwa sababu Kifaransa cha siku zake hakikuihesabu. Ilipewa nukta za 2, 4, 5 na 6 baadaye. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuikwepa hata kwa sentensi mbili: wa, wao, watu, wanafunzi, kwa, mwalimu. Herufi iliyokuja kama mgeni Paris ni mwenyeji wa kila mstari Buigiri.

Michoro 64 haitoshi mahitaji ya dunia, kwa hiyo kila lugha iligawa ile iliyobaki kwa namna yake. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mchoro wenye nukta zote sita ni é kwa Mfaransa. Kwa msomaji wa Kiingereza kilichofupishwa, mchoro huohuo ni neno zima, "for". Mwingereza akipitisha kidole juu ya jina la kitabu cha Braille mwenyewe atasoma Proc-for-d-for. Karatasi haina kosa na kidole hakina kosa; aliyeandika na anayesoma wametumia majedwali mawili.

Marekani ilitaabika kwa miongo kadhaa na mifumo iliyogombana, ukiwamo wa New York uliokuwa na nukta mbili tu kwa urefu na upana unaobadilika. Helen Keller alilazimika kujifunza mifumo kadhaa ili asome vitabu vilivyokuwapo. Nchi zinazoongea Kiingereza hazikukubaliana juu ya msimbo mmoja hadi mwaka 1932. India na nchi za Kiarabu zilikuwa na misimbo iliyopingana, kiasi kwamba vitabu vya mji mmoja havikusomeka mji wa pili.

Mwezi Machi 1950, mwaka uleule wa kuanza kwa shule ya Buigiri, UNESCO iliitisha mkutano mjini Paris kutafuta mapatano. Mshauri mkuu wa kazi hiyo alikuwa Sir Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepoteza macho yake vitani Gallipoli mwaka 1915. Kanuni iliyokubaliwa ilikuwa nyepesi: sauti zinazolingana zipewe mchoro mmoja katika lugha zote, kwa kufuata herufi za Braille. Nukta ya 1 na ya 2 zikawa b ya Kiswahili, b ya Kiingereza na ba ya Kiarabu. Kiarabu cha nukta hata kikasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mwaka 1953 UNESCO ilichapisha orodha ya matumizi ya nukta nundu duniani ili kila mchapaji awe na jedwali la kurejea.

Heri inapogeuka ewij

Kifaa cha kwanza cha mwanafunzi ni sleti, kibao chenye vijidirisha vidogo vilivyopangwa kwa mistari, pamoja na stailasi, kalamu fupi yenye ncha butu ya chuma. Karatasi hubanwa katikati ya pande mbili za sleti. Kila nukta huchomwa moja moja, na kwa kuwa uvimbe hutokea upande wa pili wa karatasi, kuandika huenda kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Karatasi hutolewa, hupinduliwa, ndipo husomwa kutoka kushoto.

Jicho la mwalimu anayeona linaweza kunaswa hapo. Akitazama upande uliochomwa badala ya upande ulioinuka, e inaonekana i, na i inaonekana e. Vilevile h na j hubadilishana, d na f, r na w. Neno heri likitazamwa upande usio wake linasomeka ewij. Kupindua karatasi kunatosha kuliponya, lakini kwanza lazima mtu atambue kwamba ewij ni heri iliyogeuzwa, asidhani mtoto hajui kuandika.

Mashine ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham na kuanza kutoka katika shule ya Perkins, Massachusetts, mwaka 1951, iliondoa mtego huo. Ina vitufe sita vya nukta, vitatu kila upande wa kitufe kirefu cha nafasi, na nukta hupanda juu ya karatasi papo hapo, kutoka kushoto. Mwanafunzi hubonyeza nukta zote za herufi kwa pigo moja. Darasa zima likiandika pamoja, mlio wake unasikika hadi uwanjani. Ni chuma kizito, ghali, kinachodumu miaka mingi kikipata fundi, na huduma ya mafundi na karatasi nene imekuwa sehemu ya hesabu za kila shule ya wasioona Afrika Mashariki, tangu ile ya Thika, Kenya, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946.

Kuna mtego mwingine unaowangoja wanaomaliza shule ya msingi. Wamesoma kwa Kiswahili. Sekondari inakuja kwa Kiingereza, na Kiingereza cha nukta kimejaa vifupisho. Herufi b ikisimama peke yake ni "but", k ni "knowledge", y ni "you". Swali la kuchagua jibu A, B, C au D linahitaji alama ya herufi, nukta ya 5 na ya 6, mbele ya kila moja, ama sivyo B inasomwa "but" na C inasomwa "can". Mtahini anayeona haoni tofauti yoyote kwenye karatasi yake ya wino. Mtahiniwa ndiye anayepoteza dakika akijiuliza swali linataka nini.

Barua zilizopita Ugogo

Ugogo ulizijua barua zisizosomeka kabla ya nukta. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, na wafanyabiashara walibeba hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Maofisa wa Kijerumani walipoingia walizikuta zikitumika, na mwaka 1892 msomi Carl Büttner alichapisha Berlin mkusanyo wa nyaraka za namna hiyo. Herufi hizo zilipofika Kiswahilini hazikuwa na p, wala v, wala ch, na alama za irabu zilikuwa tatu kwa irabu tano. Kwa uandishi wa kizamani, bata na pata zilikuwa umbo moja, na kuku na koko vivyo hivyo. Msomaji mzoefu aliteua kwa kufuata maana ya sentensi. Baadaye waandishi waliongeza vituo kwenye herufi ili kuziba pengo hilo.

Herufi za Kirumi zilishinda katika shule za serikali na za misheni, na baada ya Kiunguja kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilisimamia tahajia moja kwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Tahajia hiyo haina herufi yenye kofia, mkia wala vituo juu. Inatumia a hadi z bila q na x. Uamuzi huo ulikuja kuwa na faida ambayo wanakamati hawakuweza kuiota.

Lango la biti saba

ASCII, jedwali la herufi la kompyuta lililotolewa Marekani mwaka 1963, lina nafasi 128 tu. Linatosha Kiingereza. Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982 zilijengwa juu yake: kila herufi ni biti saba (kila biti ni 0 au 1), na biti ya nane haikuahidiwa usalama. Mfaransa aliyetuma é kwa jedwali la Ulaya Magharibi aliona mitambo ya njiani ikiikata biti hiyo, na é ikifika upande wa pili ikiwa i. Procédé ikawa Procidi. Wajapani walipata hasara kubwa zaidi na ndio waliolipa tatizo jina linalotumika sasa dunia nzima: mojibake, yaani herufi zilizogeuka umbo.

Kiswahili kilipita lango hilo bila kuchubuka. Barua ya Kiswahili kutoka Dodoma kwenda Uppsala au Nairobi miaka ya 1990 ilifika kama ilivyoandikwa, wakati barua ya Kiarabu, Kiamhari au Kifaransa ilihitaji maandalizi.

Tiba ya lugha nyingine ilikuja karibu kwa mkupuo mmoja. Unicode ilitoa toleo la kwanza mwaka 1991 kwa lengo la kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa MIME, kanuni zinazoiruhusu barua pepe kutaja kichwani mwake jedwali la herufi ililoandikiwa. Septemba mwaka huohuo Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuandika namba za Unicode kwa baiti (fungu la biti nane) moja hadi kadhaa huku herufi za ASCII zikibaki vilevile. Mstari wa MIME unaotaja jedwali unafanya kazi ileile ya alama ya namba ya nukta nundu. Unatangulia na kusema: yanayofuata yasomwe hivi. Ukipotea njiani, baiti zinafika salama na maana inakosekana.

Ng'ombe walionaswa

Kiswahili kina mlango mmoja tu wa nyuma, nao ni ritifaa katika ng'. Kwenye taipureta na kwenye ASCII ritifaa ni kijiti kilichonyooka. Programu za kuandikia nyaraka zilianza kukigeuza kuwa alama iliyopinda, ili maandishi yapendeze kama ya kitabu. Alama iliyopinda haimo katika ASCII. Katika UTF-8 inachukua baiti tatu: E2, 80, 99. Kwa hiyo Ugogo, ambako mali huhesabiwa kwa mifugo na mahari hutolewa kwa mifugo, neno linaloharibika kwenye barua pepe ni ng'ombe.

Uharibifu wake una sura kadhaa, na anayezijua anaweza kutambua ugonjwa kwa kutazama tu. Ikitokea ngâ€™ombe, barua iliandikwa kwa UTF-8 na imesomwa kwa jedwali la zamani la Windows la Ulaya Magharibi, ambalo limezichukua baiti tatu kuwa herufi tatu tofauti. Hakuna kilichopotea. Kubadilisha usimbaji kuwa UTF-8 kwenye programu ya barua, au kufungua barua hiyohiyo kwa programu nyingine, kunairudisha.

Ikitokea ng�ombe, yenye alama ya swali ndani ya almasi nyeusi, mambo ni kinyume: maandishi ni ya Windows ya zamani, ambako ritifaa iliyopinda ni baiti moja, 92, na msomaji amelazimisha UTF-8. Barua ya asili ikiwa bado ipo inaweza kufunguliwa upya kwa jedwali lake. Ikitokea ng=E2=80=99ombe, MIME ilikuwa imeifunga alama kwa herufi salama kwa ajili ya safari, lakini kichwa cha barua kimeharibika na hakuna aliyeifungua. Wakati mwingine barua nzima hufungwa kwa mtindo mwingine uitwao base64, na heri inaonekana aGVyaQ==. Hiyo pia inafunguka yote.

Sura ya kutisha ni ngÃ¢â‚¬â„¢ombe. Hapa kosa limefanyika mara mbili: mtu alifungua barua kwa jedwali lisilo lake, akaihifadhi ikiwa imeharibika, kisha kosa likarudiwa. Huponywa kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kosa la mwisho likitenguliwa kwanza. Na sura isiyo na tiba ndiyo inayoonekana ya upole kuliko zote: ng?ombe. Programu fulani njiani haikuwa na nafasi ya alama hiyo, ikaitupa na kuweka alama ya swali. Baiti za asili hazipo tena. Msomaji wa Kiswahili atakisia ng'ombe bila shida, lakini jina zima la Kiarabu lililogeuka ????? halikisiki, lazima mwandishi aombwe alitume tena.

Viboksi vitupu ni jambo lingine kabisa. Kompyuta imeelewa ni herufi gani, ila haina fonti ya kuichora. Kusakinisha fonti kunamaliza.

Familia zilizogawanyika kati ya Zanzibar na Muscat zinazijua sura hizi kwa Kiarabu. Neno la kwanza la barua, salamu, herufi nne za Kiarabu zenye baiti mbili mbili, likisomwa kwa jedwali la Windows la Ulaya linatokea Ø³Ù„Ø§Ù…. Kila penye Ø au Ù zilizofuatana na vialama, hapo pana Kiarabu cha UTF-8 kinachongoja kufunguliwa.

Hata ujumbe mfupi wa simu umeguswa. Jedwali la msingi la simu za mkononi lina ritifaa iliyonyooka lakini halina iliyopinda. Ujumbe wa kawaida huchukua herufi 160. Ikiingia ritifaa iliyopinda hata moja, ujumbe wote huhamia jedwali pana na kikomo kinashuka hadi 70. Chama cha wafugaji kinachotuma tangazo la chanjo la herufi 150 kwa wanachama wake kitalipia jumbe tatu kwa kila mtu badala ya moja, kwa sababu ya kijiti kimoja kilichopinda ndani ya neno ng'ombe.

Msomaji asiyeona mbele ya kompyuta

Kwa asiyeona, haya yote yanapita masikioni. Visoma skrini hugeuza maandishi kuwa sauti. JAWS, ya Marekani, inagharimu fedha nyingi. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, nayo hutolewa bure. Barua iliyoharibika ikifika kwenye kifaa hicho, anayeona anaruka â€™ kwa jicho na kuendelea. Msikilizaji anatajiwa a yenye kofia, yuro, alama ya biashara, katikati ya neno, kila ng' inapotokea. Ripoti ya kurasa kumi kuhusu mifugo inakuwa mateso.

Kuna uharibifu ambao ni wa sikio tu. Kisoma skrini kilichowekwa Kiingereza kikipewa Kiswahili safi kitakitamka kwa kanuni za Kiingereza, na irabu zote zinapinda. Herufi ziko sawa kwenye skrini, wala anayeona hawezi kugundua tatizo akichungulia. Programu huria ya eSpeak NG ina sauti ya Kiswahili. Kuichagua ni hatua ya kwanza ya kumtayarishia kompyuta mwanafunzi, sawa na kumpa sleti iliyo upande sahihi.

Faili za nukta nundu zenyewe ndizo zinazozua mkanganyiko mkubwa zaidi zikisafiri kwa barua pepe. Kwa miaka mingi wachapaji wametumia faili la BRF, ambalo huwakilisha michoro 64 kwa alama 64 za ASCII. Sentensi "Ng'ombe 25 wamefika Buigiri." ndani ya faili hilo inaonekana hivi:

,NG'OMBE #BE WAMEFIKA ,BUIGIRI4

Karani asiyejua atalifuta akidhani limeharibika, au kwa wema wake "atalirekebisha" kwa kuondoa mikato na namba. Vyote viko mahali pake. Mkato wa mbele ni nukta ya 6, ishara ya herufi kubwa. Alama ya reli ni alama ya namba, ikifuatwa na b na e, yaani 25. Namba 4 ya mwisho ni nukta za 2, 5 na 6, kituo cha sentensi. Faili likipelekwa kwenye mashine ya kuchapa nukta iliyowekewa jedwali linalolingana, karatasi inatoka safi. Likipelekwa kwenye mashine yenye jedwali la nchi nyingine, herufi zinaweza kutoka sawa na vituo vikaharibika, na kosa la namna hiyo mchapaji anayeona hawezi kuligundua mpaka msomaji apitishe kidole.

Ndiyo maana kazi ya majedwali ina thamani kubwa kwa shule zetu kuliko inavyodhaniwa. Liblouis, programu huria ya kugeuza maandishi kuwa nukta, sasa ina majedwali ya Kiswahili yaliyotokana na matumizi ya Kenya, yanayofika pia ndani ya NVDA. Jedwali likishaandikwa, kila kompyuta duniani inaweza kulitumia kumchapia mtoto wa Buigiri kitabu. Lisipoandikwa, Kiswahili huazima jedwali la Kiingereza, na vifupisho vya Kiingereza hujipenyeza ndani ya maneno ya Kiswahili bila mwandishi kujua.

Septemba 1999, toleo la tatu la Unicode liliipa nukta nundu sehemu yake yenyewe: nafasi 256, zikitosha pia vifaa vya nukta nane. Tangu hapo mchoro wa nukta unaweza kuandikwa ndani ya barua pepe kama ulivyo, bila kujivika alama za ASCII. Jina la kijiji ni michoro saba: ⠃⠥⠊⠛⠊⠗⠊. Katika UTF-8 ni baiti 21, na kila mchoro unaanza na E2, baiti ileile inayoanza ritifaa iliyopinda. Kompyuta yenye jedwali la zamani itaonyesha â saba zenye takataka katikati. Kompyuta iliyosoma kichwa cha barua na kutii itaipeleka michoro hiyo kwenye ubao wa nukta uliounganishwa nayo, na vipini vitainuka chini ya kidole, mchoro mmoja baada ya mwingine: 1 na 2; 1, 3 na 6; 2 na 4; 1, 2, 4 na 5; 2 na 4; 1, 2, 3 na 5; 2 na 4.